Charles Goodnight: Askari aliyerudi mikono mitupu akalisha kambi ya jeshi

Na Mwandishi Wetu

ASKARI anaporudi nyumbani kutoka vitani huwa na mwili uliozoea shida, macho yanayoona hatari mapema, na mara nyingi mfuko mtupu. Charles Goodnight wa Texas, Marekani, alirudi hivyo mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 28. Hakusubiriwa na kiinua mgongo, na upande alioutumikia ulikuwa karibu kushindwa. Miaka miwili baadaye aliswaga ng'ombe hadi kwenye ngome ya serikali aliyokuwa amepigana upande wa kuipinga, akaondoka na malipo ya dhahabu.

Huko Marekani habari zake husimuliwa zaidi kama hadithi za wachunga ng'ombe na farasi. Kwa mkulima, mfugaji na mfanyabiashara mdogo, maisha yake yana jambo lingine. Ni habari ya mtu asiye na mtaji wala elimu ya darasani aliyeingia kwenye biashara ya kuuzia serikali, akaona faida yake, na akaona pia jinsi mteja huyo anavyoweza kumtoa mtu roho.

Ndama mmoja kati ya wanne

Goodnight alizaliwa Machi 5, 1836 katika jimbo la Illinois. Baba yake alifariki akiwa mtoto wa miaka mitano, mama akaolewa tena, na mwishoni mwa mwaka 1845 familia ikahamia Texas. Shule aliisoma kwa miezi michache tu. Tangu akiwa na miaka 11 alifanya vibarua katika mashamba ya watu, na baadaye aliendesha magari ya mizigo yanayokokotwa na maksai.

Mwaka 1856, akiwa na miaka 20, yeye na ndugu yake wa kambo, John Wesley Sheek, walipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa mtu wapatao 400. Hawakulipwa mshahara. Malipo yao yalikuwa ndama mmoja katika kila ndama wanne waliozaliwa. Mwaka uliofuata waliwapeleka ng'ombe hao kwenye malisho ya wilaya ya Palo Pinto, na huko ndiko alikoanza kuhesabika miongoni mwa wafugaji. Wengi wetu tunaujua mtindo huo wa kufuga kwa kugawana mazao. Hauleti utajiri wa haraka, lakini humwezesha asiye na kitu kuanza kuwa na chake.

Vita ikaingilia kati. Goodnight alikuwa tayari amejiunga na askari wa mpakani wa Texas, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861 aliwekwa kwenye kikosi cha jimbo kilicholinda mpaka dhidi ya makabila ya wenyeji, hasa Wakomanchi. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya wenzake kutafuta njia na maji, na kusoma nyayo. Texas ilikuwa upande wa Kusini, upande uliotetea utumwa, na hilo ni sehemu ya maisha yake ambayo haifai kufichwa.

Alipoachiwa mwaka 1864 alikuta mifugo imetawanyika na mingine imeibwa. Vita ilipokwisha mwaka uliofuata, noti za Kusini zikawa karatasi tupu. Texas ilijaa ng'ombe, lakini fedha ya kuwanunua haikuwepo.

Soko liko wapi?

Wafugaji wengi wa Texas walitazama upande wa kaskazini na mashariki, kwenye reli na miji mikubwa. Goodnight aliona kwamba wote wakienda upande mmoja, bei itashuka na njia zitajaa. Akageuza macho magharibi, New Mexico na Colorado, ambako kulikuwa na migodi na ngome za jeshi. Wote hao walihitaji nyama, na waliokuwa wakiipeleka huko walikuwa wachache.

Ngome moja ilikuwa na uhitaji kupita zote: Fort Sumner, kando ya mto Pecos. Kuanzia mwaka 1863 jeshi la Marekani liliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wanavajo, pamoja na mamia ya Waapache wa Mescalero, na kuwaweka hapo katika eneo la Bosque Redondo. Serikali ilitaka wawe wakulima. Mazao yaliliwa na wadudu, maji yalikuwa ya magadi, kuni zikaisha. Zaidi ya watu 8,000 wakawa wanategemea chakula cha serikali, na wengi walikufa hapo. Soko la Goodnight lilitokana na mateso ya watu wengine, na msomaji anapaswa kulijua hilo anapohesabu faida yake.

Mbia aliyewahi kuumwa na nyoka

Kabla ya kuondoka alikwenda kumwona Oliver Loving, mzee aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na aliyeswaga ng'ombe hadi Illinois na Denver kabla ya vita. Loving aliijua biashara ya serikali kwa uzuri na ubaya wake. Wakati wa vita alipewa kazi ya kulisha majeshi ya Kusini. Vita ilipokwisha, inaelezwa kwamba serikali ya Kusini ilikuwa ikidaiwa naye kati ya dola 100,000 na 250,000. Serikali hiyo ilikufa na deni lake. Mzee huyo hakulipwa.

Mtu mwingine angeapa kutoiuzia tena serikali yoyote hata kilo moja. Loving alimweleza kijana hatari za safari hiyo, kisha akaomba kwenda naye. Wakaunganisha mifugo yao. Mmoja alikuwa na uzoefu wa soko na jina linaloaminika, mwingine alikuwa na nguvu na ujuzi wa njia alioupata jeshini.

Goodnight alijiandaa kama askari. Alinunua gari kuukuu lililotumiwa na jeshi, akaliimarisha, na nyuma yake akaweka kabati lenye droo za unga, maharage, kahawa, chumvi na dawa. Mlango wa kabati ukifunguliwa uligeuka meza ya mpishi. Jiko hilo la magurudumu liliigwa na wafugaji wengine katika nchi nzima.

Siku tatu bila maji

Juni 1866 waliondoka karibu na Fort Belknap na ng'ombe wapatao 2,000 na watu 18 wenye silaha. Ili kukwepa maeneo ya Wakomanchi walizunguka kusini, na mzunguko huo ukawapitisha kwenye nyika isiyo na maji, zaidi ya kilomita 120 hadi mto Pecos. Walitembea mchana na usiku. Ng'ombe waliochoka waliachwa njiani. Waliobaki walipousikia mto kwa harufu walikimbia wote kwa pamoja, wengine wakatumbukia kwenye kingo za matope na kuzama. Walipoteza mamia ya ng'ombe.

Waliofika Fort Sumner walipata bei nzuri. Maksai waliuzwa kwa dola 12,000 za dhahabu, fedha ambayo Texas ya wakati huo haikuwa imeiona kwa siku nyingi. Lakini mnunuzi hakuchukua kundi zima. Alitaka maksai wa kuchinja tu. Majike na ndama, mamia kadhaa, walikataliwa.

Hapa ndipo wengi wanaoanza biashara ya zabuni hukwama. Wanapeleka walichonacho badala ya kile kilichoandikwa kwenye tenda, kisha wanalalamika mzigo ukirudishwa. Goodnight na Loving hawakulalamika. Waligawana kazi. Loving aliendelea kaskazini na ng'ombe waliokataliwa hadi Colorado, akawauza karibu na Denver kwa mfugaji John Wesley Iliff aliyetaka ng'ombe wa kuzalisha. Goodnight alirudi Texas kununua maksai wengine. Mzigo ulioshindwa kwa serikali ulipata mteja kwa sababu walikuwa na soko la pili kichwani.

Katika safari hiyo ya kurudi, nyumbu aliyebeba dhahabu na chakula alishtuliwa na radi usiku, akatimua mbio. Goodnight alimrukia na kung'ang'ania kamba mpaka akamsimamisha. Dhahabu ilipona, chakula chote kikamwagika nyikani. Wakaendelea siku kadhaa wakiwa na njaa, matajiri wa dhahabu wasioweza kununua hata kipande cha mkate.

Majira ya baridi ya 1866 hadi 1867 walikaa Bosque Grande, kilomita 65 hivi kusini mwa ngome, wakipeleka ng'ombe Fort Sumner na Santa Fe. Waliona kwamba mnunuzi mkubwa anataka mzigo unaofika kila unapohitajika, na hawezi kumtegemea mtu anayeonekana mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo walisogeza ghala lao, ambalo ni malisho, karibu na mlango wa mteja.

Mbio za kuwahi tenda

Mwaka 1867 waliondoka tena Texas. Mvua kubwa na mashambulizi viliwachelewesha, na siku ya kushindania mikataba ya nyama ikawa inakaribia. Ng'ombe hawaendi haraka kuliko miguu yao. Loving aliamua kutangulia kwa farasi ili awahi zabuni, akiongozana na mtu mmoja tu, Bill Wilson, mchungaji mwenye mkono mmoja.

Goodnight alimsihi asafiri usiku na kujificha mchana. Loving alifuata ushauri huo kwa muda, kisha akaona wanachelewa, akaanza kusafiri mchana. Wakomanchi wakawaona. Katika mapigano kwenye ukingo wa mto Pecos, Loving alijeruhiwa mkononi na ubavuni. Akamtuma Wilson arudi kuleta msaada, naye akabaki kujificha. Wilson alitembea siku kadhaa bila viatu mpaka akalifikia kundi. Goodnight alipofika mahali pa tukio hakumkuta mbia wake, akadhani amekufa.

Loving alikuwa hai. Alijikokota mpaka akakutana na wafanyabiashara wa Kimeksiko waliomfikisha Fort Sumner. Lakini kidonda cha mkono kilikuwa kimeoza. Alikufa Septemba 25, 1867, Goodnight akiwa karibu naye. Aliomba mambo mawili: azikwe Texas, na ubia uendelee mpaka familia yake itoke kwenye madeni.

Goodnight alitimiza yote mawili. Aliwapeleka kwanza ng'ombe Colorado, maana mzigo ulikuwa njiani na watu wanadai ujira. Kisha akarudi, mwili ukafukuliwa na kusafirishwa kwa gari la nyumbu hadi Weatherford, Texas, ukazikwa Machi 4, 1868. Aliendelea kuipa familia ya Loving fungu lake la faida. Hakukuwa na mahakama ya kumlazimisha katika nyika ile. 

Mweka hazina wake

Katika safari hizo alikuwepo Bose Ikard, Mwafrika aliyezaliwa utumwani na kupata uhuru vita ilipokwisha. Alifanya kazi na Goodnight kwa miaka minne. Katika nchi isiyo na benki, Goodnight alimkabidhi fedha za biashara kuliko mtu mwingine yeyote. Sababu moja ilikuwa kwamba wanyang'anyi hawakutarajia kukuta fedha nyingi kwenye mzigo wa mtu mweusi. Sababu kubwa zaidi ilikuwa kwamba hazikupotea. Ikard alipofariki Januari 1929, Goodnight, akiwa na miaka 92, alimwekea jiwe la kumbukumbu kaburini Weatherford, lenye maneno ya kusifu uaminifu na ushujaa wake.

Mteja alipofunga milango

Juni 1, 1868 serikali ilisaini mkataba na Wanavajo, na mwezi huo huo wakaanza safari ya kurudi katika nchi yao. Kwao ilikuwa furaha kubwa. Kwa aliyekuwa na ng'ombe njiani kwenda Fort Sumner, soko la maelfu ya watu lilifutwa kwa karatasi moja.

Goodnight hakuanguka, kwa kuwa hakuwa ameweka mayai yote kwenye kapu moja. Tayari alikuwa anauza Colorado, na alipata mkataba wa kumpelekea Iliff ng'ombe huko Wyoming, ambako nyama ilihitajika kwa wajenzi wa reli. Akakubaliana pia na mfugaji John Chisum amletee ng'ombe mpaka Bosque Grande kwa bei ya Texas pamoja na dola moja ya ziada kwa kila kichwa. Kwa dola hiyo moja, hatari ya ile nyika isiyo na maji ilihamia kwa Chisum.

Mwaka 1870 alimwoa mwalimu Mary Ann Dyer, aliyeitwa Molly, wakakaa karibu na Pueblo, Colorado. Huko alishiriki hata kuanzisha benki. Lakini mtikisiko wa fedha wa mwaka 1873, pamoja na malisho yaliyozidiwa na mifugo, vilimfuta karibu kabisa. Akiwa na miaka 40 alianza upya. Mwaka 1876 aliswaga ng'ombe wapatao 1,600 hadi bonde la Palo Duro huko Texas. Bonde hilo lilikuwa kimbilio la Wakomanchi mpaka jeshi lilipowashinda mwaka 1874 na kuua farasi wao zaidi ya 1,000. Mwaka 1878 kundi la chifu wao Quanah Parker lilirudi kuwinda na kukuta nyati wamekwisha. Goodnight akakubaliana nao kuwapa ng'ombe wawili kila baada ya siku mbili mpaka walipoondoka.

Mtaji ulitoka kwa John Adair, tajiri kutoka Ireland. Katika mkataba wa Juni 1877 Adair alitoa fedha, Goodnight akapata theluthi moja ya faida pamoja na mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka kama msimamizi. Alinunua kwanza ekari 12,000, akichagua vipande vyenye maji, kwani mwenye maji ndiye mwenye malisho yanayoyazunguka. Baada ya miaka mitano faida ilizidi dola 512,000. Kufikia mwaka 1885 ranchi hiyo iliyoitwa JA ilikuwa na ekari zaidi ya milioni 1.3 na ng'ombe wapatao 100,000.

Aliachana nayo mwaka 1887. Fedha zake nyingi zilimezwa baadaye na mgodi wa fedha huko Meksiko, biashara asiyoijua. Alifariki Desemba 12, 1929 akiwa na miaka 93. Hakuacha utajiri wa kutisha. Aliacha jina, pamoja na kundi dogo la nyati ambalo Molly alilianzisha kwa kuokota ndama yatima wakati wawindaji walipokaribia kuwamaliza.

Angepita katika sheria za leo?

Goodnight hakupata upendeleo wowote kwa kuwa askari. Leo Marekani ina utaratibu. Sheria ya mwaka 1999 iliweka lengo kwamba asilimia 3 ya fedha za mikataba ya serikali kuu ziende kwa biashara ndogo za askari wa zamani waliopata ulemavu kutokana na utumishi. Desemba 2023 lengo hilo lilipandishwa kuwa asilimia 5. Idara inayohudumia askari wa zamani ina utaratibu wake wa kuwapa kipaumbele wao na biashara zao, hata wasio na ulemavu.

Masharti makubwa ni haya. Biashara iwe ndogo kwa vipimo vya sekta yake. Askari wa zamani amiliki angalau asilimia 51. Yeye mwenyewe aiongoze, katika maamuzi makubwa na katika kazi za kila siku. Biashara isajiliwe katika daftari la serikali la wazabuni. Tangu Januari 2023 uthibitisho hutolewa na idara ya biashara ndogo, bila malipo. Zamani wengi walijitangaza wenyewe kuwa wanastahili, na wapo waliotumia jina la askari kama kivuli huku mwenye fedha akikaa nyuma ya pazia.

Tupime maisha ya Goodnight kwa kipimo hicho. Akiwa na ng'ombe wake mwenyewe na maamuzi mikononi mwake, angekuwa na hoja. Akiwa chini ya Adair asingepita, hata kama kila uamuzi wa malisho ulikuwa wake, kwa sababu theluthi moja si asilimia 51. Anayekaribisha mbia mwenye fedha ajue anachouza, maana akitoa hisa nyingi kupata mtaji anaweza kupoteza sifa ya kupata tenda yenyewe.

Na hata mwenye cheti bado atavuka nyika yake. Cheti humfikisha mtu kwenye meza ya zabuni, lakini hakimnunulii ng'ombe wala hakimlipi mchungaji kabla hundi ya serikali haijatoka. Loving alikuwa na tenda halali kabisa alipopoteza fedha nyingi kwa mteja aliyeanguka. Goodnight alidumu kwa sababu alisoma tenda inataka nini, alikuwa na mnunuzi wa pili, alisogea karibu na mteja, na alilipa madeni hata ya marehemu.

Anayefikiria kuanza kupeleka maharage shuleni au maziwa hospitalini ajiulize kwanza swali ambalo Loving na Goodnight walilazimika kulijibu pale Fort Sumner: mzigo ukikataliwa getini leo jioni, kesho asubuhi nitaupeleka kwa nani?